Slaidi 74 na visanduku vyeusi: kwa nini kufundisha onlaini chuoni kunafeli, na wapi pa kurekebisha

Tuanze na kitu ambacho kama umepita chuo chochote miaka hii ya karibuni lazima umekiona. Saa nne kamili lekchara anawasha kamera, anashea skrini, slaidi 74, anauliza "mnanisikia jamani?" mmoja anaandika "ndiyo mwalimu", basi hapo safari imeanza, saa mbili nzima anaongea peke yake mbele ya visanduku vyeusi vyenye majina. Mwishoni anauliza kama kuna swali, kimya, anasubiri sekunde tatu, "haya tukutane wiki ijayo". Alafu kinachonichekesha kila mara, akishaaga kuna majina kama kumi hivi yanabaki mle ndani hayatoki, maana wenyewe hawapo, walijiunga wakaiacha simu inachaji wakaenda zao. Muhula ukiisha sapu (mitihani ya kurudia) zinamwagika na kila mtu anailaumu intaneti.

Intaneti ina dhambi zake, ntazifikia, na hesabu yake ntaipiga hapa hapa. Ila mi ambaye kazi yangu kwa miaka sasa ni kukaa na wahadhiri kuwasaidia kupanga kozi zao za mtandaoni, ntakwambia hata ungempa kila mwanafunzi intaneti ya bure yenye kasi ya ajabu, kile kipindi nilichokieleza kingebaki kibovu vile vile. Kingekuwa kibovu chenye picha safi.

Shida iko kwenye swali tunaloanza nalo. Lekchara akipangiwa kozi ya mtandaoni anajiuliza ntasema nini na ntakisemea wapi, Zoom au Google Meet au Teams, nirekodi au nisirekodi. Swali lenye faida ni jingine kabisa: huyu mwanafunzi, kati ya Jumatatu hii na Jumatatu ijayo, akiwa peke yake na simu yake, atafanya nini? Usiniambie atasikia nini, niambie atafanya nini kwa mikono na kichwa chake, na nani ataona alichofanya amwambie hapa umepatia, hapa umekosea. Karibu kila kitu ntakachoandika huku chini kinatoka kwenye swali hilo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, kila mtu aliambiwa ndani ya siku chache ahamie mtandaoni. Mwezi huo huo Charles Hodges na wenzake wanne wakaandika kwenye jarida la EDUCAUSE Review kwamba jamani, hiki kinachofanyika kisiitwe elimu ya mtandaoni, kiitwe ufundishaji wa dharura wa mbali, kwa sababu kozi ya mtandaoni iliyopangwa sawasawa huandaliwa miezi sita hadi tisa kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Nyumba ikiungua ukaenda kulala sebuleni kwa jirani huwezi kusema umehamia, umejihifadhi tu. Sasa vyuo vingi dharura iliisha lakini vyenyewe vikabaki pale pale sebuleni, godoro chini, na leo vinaandika ripoti kwamba makazi ya namna hii hayafai.

Na wala kusoma kwa mbali si mgeni duniani. Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake ya digrii bila kwenda kusoma London tangu 1858, enzi ambazo simu ya waya yenyewe haijaingia mtaani. Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969 ikapokea wanafunzi wa kwanza 1971, na watu wengi wanaikumbuka kwa vile vipindi vyake vya BBC. Lakini TV haikuwa moyo wa kile chuo. Moyo ulikuwa vitu viwili: vitabu vya kozi vilivyoandikwa kama mtu anaongea na wewe, kila baada ya kurasa chache anakusimamisha anakupa swali ulijibu kabla hujaendelea, na tyuta ambaye anasahihisha asaimenti zako anaandika pembeni wapi umeteleza na kwa nini, alafu anakurudishia kwa posta. Yani mwanafunzi anafanya kitu, mtu anakiona, anamjibu. Sisi tumepata intaneti tukaanza kwa kuitupa sehemu hiyo.

Kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Richard Clark, mwaka 1983 alitoa hoja iliyowaudhi wauza teknolojia mpaka leo, kwamba chombo cha kufikishia somo ni kama lori linaloleta vyakula dukani, liwe jipya liwe kuukuu haliongezi virutubisho kwenye chakula. Watu wamebishana naye miaka na miaka na hata mi sikubaliani naye mia kwa mia, yapo ambayo kompyuta inaweza na kitabu hakiwezi, mfano kukupa swali lile lile lenye namba tofauti mara hamsini bila kuchoka wala kukukunjia uso. Ila ukikuta kamati ya chuo imekaa vikao vitatu inabishana platifomu gani inunuliwe, na hakuna hata kikao kimoja cha kuongelea asaimenti zitakuwaje, ujue hiyo kamati inachagua lori.

Jaribio kubwa kabisa la kuona kama lekcha nzuri inatosha lilishafanyika. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi yao ya Stanford ya akili mnemba bure kwa dunia nzima, wakajiandikisha watu kama 160,000. Mwaka uliofuata zikazaliwa Coursera na edX, majukwaa ya kozi za namna hiyo, na kuna watu wakatangaza kabisa kwamba chuo cha matofali ndo basi tena. Hakikuisha. Kozi nyingi za aina ile waliozimaliza walikuwa asilimia chache, mara nyingi hata 15 haifiki. Video nzuri, walimu wakubwa kwenye fani zao, na bado watu waliyeyuka. Kwa haki niseme wengi waliingia kuchungulia tu hawakuwa na nia ya kumaliza, lakini hata ukiwatoa hao unabaki na jambo moja gumu, kwamba kumsikiliza mtu anayejua, peke yake, hakumshiki mtu.

Sasa kinachomshika ni nini? Hebu fikiria darasa la kawaida linakupa nini bila wewe kuomba. Linakupa saa, kwamba Jumanne asubuhi lazima uwe mahali fulani. Linakupa jirani wa kumnong'oneza "hivi hapo kasemaje?" Linakupa aibu, ile ya kuonekana hujafanya kazi. Mwalimu naye linampa sura za kusoma, akiona watu wamekunja nyuso anarudia. Alafu kuna korido, pale mlangoni baada ya kipindi, ambapo yule mwanafunzi mwoga anamfuata mwalimu "samahani Dokta, pale mwanzo sikuelewa". Ukihamia mtandaoni vyote hivyo vinakatika siku hiyo hiyo na hakuna anayekutangazia kwamba vimekatika. Kupanga kozi ya mtandaoni kwa sehemu kubwa ni kujenga upya, kwa makusudi, vitu ambavyo jengo lilikuwa linakupa bure.

Michael Moore (si yule wa filamu, huyu ni wa elimu) alishaeleza zamani kwamba umbali kwenye elimu haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa mazungumzo kiasi gani yapo kati ya mwalimu na mwanafunzi, na kozi imepangwa kwa ukakamavu kiasi gani. Kwa kipimo hicho mwanafunzi aliyekaa mstari wa thelathini kwenye ukumbi wa watu 600 yuko mbali kuliko yule wa kijijini ambaye kila wiki anaandikiwa mistari mitatu na tyuta wake. Baadaye mwaka 2000 Garrison, Anderson na Archer wakaipanga hoja ya jirani na hiyo kwa namna ambayo wapanga kozi wengi tunaitumia, kwamba kuna uwepo wa aina tatu: watu wajisikie wapo na watu, vichwa viwe vinafanya kazi kweli, na mwalimu aonekane yupo. Ukichungulia kozi nyingi za vyuo vyetu utakuta hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu, kuna PDF.

Hapa kwenye vichwa kufanya kazi nataka nikae kidogo kwa sababu ndo penye utajiri na ndo panapodharauliwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, walifanya kajaribio rahisi tu, wanafunzi wanapewa habari fupi waisome, kundi moja linairudia kuisoma, kundi lingine linafunika karatasi linaandika kile linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma wanaongoza, wanakumbuka asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja meza imepinduka, waliojijaribu wanakumbuka asilimia 56 na waliorudia kusoma 42. Ukishaiona hiyo unaelewa kwa nini kubukua usiku wa kuamkia mtihani kunakupa moyo alafu kunakutosa, na unaelewa pia kwa nini kwizi ndogo ya maswali matano kila wiki, isiyo na maksi nyingi, inafundisha. Watu wengi wanadhani kwizi ni ya kupima tu. Hapana, kile kitendo cha kulichomoa jibu kichwani ndo kujifunza kwenyewe.

Lakini jiandae, wanafunzi watalalamika. Harvard mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichukua madarasa ya fizikia wakawagawa, wengine wanasikiliza lekcha safi ya mwalimu hodari, wengine wanahangaika na maswali kwanza kwa vikundi. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani lakini wenyewe walijiona wamejifunza kidogo, na waliosikiliza lekcha walijiona wameelewa sana. Maana lekcha nzuri inateleza kichwani kama maji, huhisi maumivu popote, ukajiaminisha umeelewa. Kwahiyo lekchara anayebadilisha kozi yake anaweza kupigwa nyota mbili kwenye ile fomu ya tathmini muhula ule ule ambao wanafunzi wake wamejifunza kuliko wote waliotangulia, na mkuu wa idara akiangalia fomu tu atamwambia rudi ulipotoka. Ushauri wangu ni waambie wanafunzi mapema, wiki ya kwanza, waonyeshe hizo namba, waambie mtaona kama hamuelewi na hiyo ndo dalili ya kazi kufanyika.

Haya, video. Kuna uchambuzi wa 2014 wa Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin ambao waliangalia mara milioni 6.9 watu walipofungua video za edX, wakaona muda wa kati wa mtu kutazama unakomea dakika 6 hata video iwe ndefu vipi. Tangu hapo dakika sita imekuwa kama amri, utakuta chuo kinamlazimisha mtu akate lekcha yake ya saa nzima vipande kumi. Huo ni uvivu wa kusoma utafiti. Kwanza waliochunguzwa ni watu wa kozi za bure ambao hakuna digrii inayowangoja, mwanafunzi wa digrii ana sababu zake za kuvumilia. Pili, kukata saa moja mara kumi kunakupa vipande kumi vya lekcha mbovu. Maana yake halisi ni kwamba video moja ibebe wazo moja, alafu ifuatwe na kitu cha kufanya. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba video ya mwalimu kakaa mezani kwake ofisini anaongea kawaida inaweza kuwashika watu kuliko ya studio ya gharama, na ya kuchora kwa mkono huku anaeleza iliwashika kuliko slaidi tupu. Kwahiyo zile pesa za studio mngeweza kuwalipa watyuta.

Sasa ile hesabu ya bando niliyoahidi. Tuseme kipindi cha laivu chenye video kinavuta megabiti moja na nusu kwa sekunde, si kasi kubwa. Kwa saa moja hiyo ni megabaiti 675. Mwanafunzi ana kozi tano, kila moja saa mbili kwa wiki, wiki kumi na tano, yani saa 150. Zidisha: kama gigabaiti 101 kwa muhula, na hapo hajafungua kitabu wala hajatazama rekodi. Sauti peke yake ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula megabaiti 29 hivi kwa saa, saa zile zile 150 zinakuja gigabaiti 4 na kidogo. Slaidi kwenye PDF uwe umezituma kabla, sauti laivu, tofauti ni zaidi ya mara ishirini! Na nani amewahi kukaa akapiga hii hesabu kabla ya kutoa waraka kwamba "vipindi vyote vitafanyika kwa video"? Chuo kinachosema kinajali wanafunzi wasio na uwezo kianze na zidisha hiyo, ni hesabu ya darasa la sita.

Hii inatuleta kwenye kamera. Wapo wahadhiri wanaotaka kila mtu awashe, na nawaelewa, kuongea na visanduku vyeusi ni upweke wa aina yake. Ila Jeremy Bailenson wa Stanford mwaka 2021 alieleza kwa nini mikutano ya video inachosha, akataja mambo manne: macho ya watu yamekukodolea karibu mno muda wote, unajiona mwenyewe kama uko mbele ya kioo, umefungwa mahali pamoja huwezi kujinyoosha, na ishara za mwili ambazo kawaida unazisoma bila kufikiri sasa unazisoma kwa juhudi. Ongezea mwanafunzi ambaye chumba chake hataki kionekane, na ana haki hiyo. Mi nasema usilazimishe kamera, lazimisha kazi. Kama kila dakika kumi na tano kuna swali ambalo lazima kila mtu aandike jibu, hata la maneno sita, utajua nani yupo na nani kaiacha simu inachaji, na utajua kitu kamera isingekwambia, kwamba wameelewa au hawajaelewa.

Na hapo ndo unaona kipindi cha laivu ni cha nini. Ni cha vitu vinavyohitaji watu wawe pamoja saa ile ile: maswali, mabishano, kukokotoa tatizo gumu pamoja, kuona wenzako nao wamekwama. Maelezo ya mwalimu kuongea peke yake yarekodiwe au yaandikwe, mtu ayafuate kwa muda wake, arudie pale pagumu, aruke panapojulikana. Saa mbili za laivu ukizigeuza dakika hamsini za maswali watu watakuja, kwa sababu ukikosa umekosa kweli, haipo kwenye rekodi.

Vyuo vingi vina Moodle, ile programu ya kuendeshea kozi mtandaoni aliyoitengeneza Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza rasmi likatoka 2002. Jamaa aliitengeneza akiwa na wazo la watu kujifunza kwa kujenga vitu pamoja na kuonyeshana. Tumeigeuza stoo ya PDF. Wakati mle ndani kuna vitu vya ajabu ambavyo havina gharama ya ziada, mfano kuna aina ya jukwaa la maswali na majibu ambalo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka awe ameandika la kwake. Kitu kidogo lakini kinaua ule mchezo wa watu themanini kukopi jibu la kwanza na kubadilisha maneno mawili. Kuna maswali ya hesabu ambayo kila mwanafunzi anapata namba zake. Kuna sehemu inamwonyesha mwalimu nani hajaingia kabisa na tangu lini.

Ila jukwaa lolote linakufa kwa swali bovu. "Jadili umuhimu wa uongozi bora" ni swali la kuombea desa (notsi za kukopi), utapata insha themanini zinazofanana na hakuna anayezisoma, hata wewe. Swali zuri la mjadala ni lile ambalo watu wawili wakijibu kwa dhati lazima watofautiane. Wape kisa cha meneja aliyekuwa na machaguo mawili yote mabaya, waambie chagua moja ulitetee, alafu mtafute mwenzako aliyechagua lile lingine umwambie wapi hoja yake inavuja. Siku hiyo hutahitaji kuwalazimisha waandike.

Mrejesho ndo kitu adimu kuliko vyote na ndo hapo wahadhiri wananikatalia: "nina wanafunzi 200, utaniambia nini?" Sawa, tuipige. Dakika kumi kwa kila asaimenti mara 200 ni saa 33, haiwezekani kila wiki, hakuna anayekudai hivyo. Kuna mhadhiri mmoja wa takwimu nilifanya naye kazi, darasa kubwa, alikuwa amechoka kabisa karibu aiache kozi. Akabadilisha kitu kimoja. Kila Alhamisi usiku alichukua majibu ishirini tu bila kuchagua, akayasoma, akatafuta makosa matatu yanayojirudia, akarekodi sauti ya dakika nne kwenye simu: "wengi wenu mmechanganya wastani na mediani pale kwenye swali la pili, na najua kwa nini, ni kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia hivi na hivi." Akaituma Ijumaa asubuhi. Basi. Hakuna jina la mtu aliyekosea, lakini kila aliyekosea alijijua. Wanafunzi wakaanza kuisubiri ile sauti kama watu wanavyosubiri tamthilia, na maswali yakaanza kuja yenyewe kwa sababu sasa walijua kuna mtu upande wa pili anasoma.

Ongezea pale jibu la mfano pamoja na mwongozo wa kusahihishia, mwanafunzi alinganishe mwenyewe kabla hajaona maksi. Ongezea wanafunzi kusomeana kazi, ambako kunafaa ikiwa tu umewapa maswali matatu mahususi ya kujibu kuhusu kazi ya mwenzao, ukiwaambia "toa maoni" utapata "kazi nzuri hongera".

Mitihani sasa. Hapa ndo vyuo vinatupa pesa nyingi kwa hofu. Kuna zile programu za kumchunga mtu kwa kamera anapofanya mtihani nyumbani, zinafuatilia macho, zinataka uzungushe kamera chumba kizima. Agosti 2022 jaji wa shirikisho huko Ohio, Marekani, aliamua kwamba Cleveland State University kumkagulia mwanafunzi chumba chake kwa kamera kabla ya mtihani ni upekuzi unaovunja katiba yao. Alafu Novemba 2022 ikaja ChatGPT, roboti ya kompyuta inayokuandikia majibu, na kila mtu akakimbilia mashine za kugundua maandishi ya roboti. OpenAI wenyewe walioitengeneza ChatGPT walitoa kigunduzi chao Januari 2023, kwenye majaribio yao kikanasa asilimia 26 tu ya maandishi ya roboti na asilimia 9 ya maandishi ya watu kikayasingizia kuwa ya roboti, Julai mwaka huo huo wakakiondoa. Kama wenye mashine wameshindwa, wewe mwenye programu ya kununua usimdiskoleshe mtu, yani kumfukuza chuo, kwa sababu kompyuta imesema 83%. Na watafiti wa Stanford waliona vigunduzi hivi vinawaonea hasa wanaoandika Kiingereza kama lugha ya kujifunza, yani sentensi zao rahisi zinaonekana za kiroboti.

Njia yenyewe ni kubadilisha kinachoulizwa. Swali ambalo jibu lake liko tayari mtandaoni lilikuwa swali dhaifu hata kabla ya roboti. Dai rasimu, ya kwanza, ya pili, na maelezo mafupi nini kimebadilika na kwa nini. Dai data aliyoikusanya mwenyewe. Na turudishe mazungumzo ya mdomo: dakika tano kwa watu 200 ni saa 17 karibu, nyingi, lakini waambie ishirini wataitwa kwa bahati nasibu kuelezea walichoandika, hiyo ni saa moja na dakika arobaini tu, na wote 200 watajiandaa kwa sababu hakuna anayejua ni nani.

Maandishi chini ya video, hati zinazosomeka na programu za wasioona, hivyo viwepo tu, havihitaji mjadala, na vitamsaidia pia aliye kwenye daladala bila hedfoni.

Kuna kitu kimoja lekchara peke yake hakiwezi, nacho ni jinsi chuo kinavyohesabu kazi yake. Vyuo vingi vinahesabu saa za kusimama mbele ya darasa. Yule aliyekaa wikendi nne anaandaa benki ya maswali na rekodi, kwenye fomu ya mzigo wa kazi ni sifuri. Na kupandishwa cheo ni machapisho, hakuna anayeuliza kozi yako ikoje. Mtu mwenye akili timamu kwa mazingira hayo atafanya nini? Atawasha kamera na slaidi 74. Simlaumu. Ukitaka abadilike mpunguzie kozi moja muhula anaoandaa, mpe mtu wa kumsaidia ufundi, na hizo saa zihesabike, la sivyo semina utakazomwalika zitakuwa za kusaini mahudhurio.

Kwa yule ambaye hana chuo cha kumpunguzia chochote na muhula unaanza wiki ijayo, usijaribu kubadilisha kozi nzima utakufa. Chukua wiki moja tu, ile ambayo kila mwaka unajua watafeli, unaijua mwenyewe, ile mada ukiisahihisha unashika kichwa. Jumatatu weka maelezo mafupi ya kusoma au sauti, na swali moja gumu wajaribu kabla hujawafundisha. Jumatano dakika hamsini za laivu juu ya majibu yao. Alhamisi usiku soma ishirini. Ijumaa asubuhi sauti ya dakika nne. Wiki ijayo kwizi ya maswali matano, mawili yawe ya mada za nyuma. Na wale ambao mfumo unaonyesha hawajaingia siku saba waandikie kwa jina, mstari mmoja, "sijakuona wiki hii, kuna shida?" Zile slaidi usizifute, zibadilishe ziwe notsi.